Pilipili Manga Inarudi Manga

Tulipima mfuko baada ya mfuko na jumla ikagoma kwenye kilo 1,955. Nikapitia hesabu tena, nikaenda kuchungulia nyuma ya mlango wa ghala kama kuna mfuko tuliousahau. Hakuna. Daftari langu la manunuzi lilisema kilo 2,000 kamili, na ankara niliyomtumia mteja wiki moja kabla ilisema hivyo hivyo: mifuko 80, kilo 25 kila mmoja. Nikamtazama kijana wa ghala, naye akanitazama. Nusura nimtie hatiani mtu asiye na kosa.

Mwizi alikuwa jua. Pilipili manga niliinunua ikiwa na unyevu wa asilimia 14, nikaianika tena juu ya turubai mpaka ikafika 12, kwa sababu mteja hakutaka zaidi ya hapo. Fanya hesabu: katika kilo 2,000 zenye unyevu wa asilimia 14, kilo 280 ni maji na 1,720 ni pilipili yenyewe. Ukikausha mpaka asilimia 12, zile 1,720 hazipungui hata punje. Yanaondoka maji tu, na mzani unasoma 1,955. Kilo 45 nilizolipia kwa mkulima zilikuwa zimepaa angani Muheza, mchana kweupe, mbele ya macho yangu.

Hasara hiyo niliimeza. Kilichonitisha ni ile ankara. Ilikuwa imeshatoka, ina saini yangu na muhuri wangu, inasema uongo. Na ilikuwa karatasi ya kwanza tu kati ya nyingi zilizokuwa zinakuja.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa viungo. Pilipili yangu inatoka vijiji vya Amani, Usambara Mashariki, inakopanda miti kama mlevi anayeng'ang'ania nguzo. Miaka yote nilikuwa namuuzia dalali anayekuja na fuso, analipa taslimu, anaondoka. Karatasi yetu ilikuwa risiti ya ushuru wa halmashauri, ile asilimia 3 ya mazao ya biashara, na hata hiyo tuliikumbuka pale tu tulipoliona geti. Kisha shangazi yangu akaniunganisha na mzee mmoja wa Muscat, Oman, muuza viungo, ndiye mteja huyo, anayezungumza Kiunguja kitamu kuliko cha wengi wetu huku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nambie, pilipili yako ina uzito gani?"

"Tani mbili, mzee."

Akacheka. "Sikuulizi shehena. Lita moja inabeba gramu ngapi?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo maishani. Nikatafuta kopo la lita moja, nikalijaza bila kulitikisa, nikalifuta juu kwa rula, nikaweka kwenye mzani wa jikoni: gramu 540. Akasema inafaa, nikimfikishia 550 atafurahi zaidi, maana punje nyepesi ni mapepe, yana ganda lakini ndani hamna kitu. Tukarudi kwenye ungo, tukapepeta siku mbili. Huko Amani akina mama waliniona nimechanganyikiwa.

Nataka nieleze kidogo jina lenyewe. Manga kwa wazee wetu wa pwani ni Uarabuni, hasa upande wa Muscat. Mtu wa huko alikuwa Mmanga. Pilipili hii tuliiita ya Manga kwa kuwa ilitujia mikononi mwa watu wa huko, ingawa asili yake ni India, si Uarabuni. Kwa hiyo mimi, binti wa Muheza, nilikuwa najiandaa kuipeleka pilipili ya Manga huko Manga. Zamani angekuja nahodha na jahazi, akasubiri kusi, akapakia, akaenda zake. Neno hilo moja, manga, ndilo lililokuja kuniweka bandarini siku 12.

Mambo ya mwanzo ya kuuza nje nitayapita haraka. Namba ya mlipa kodi, usajili wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, leseni ya biashara, akaunti ya dola, uanachama wa TCCIA, chemba ya wenye biashara, viwanda na kilimo, ili upate cheti cha uasili wa bidhaa: hayo yanataka subira na chaji ya simu tu. Jambo moja la kuchunga ni jina la biashara. Liandike vilevile kila mahali, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Kama kule umeandika neno zima, huku usilifupishe. Mtu wa benki atakayezilinganisha karatasi zako hakujui, hajui wewe ni mtoto wa nani, na kwake majina mawili ni watu wawili.

Tulikubaliana bei ya CIF Sohar. Hapa ninyi mnaotaka kuanza naomba mtulie kidogo. Huku kwetu kila mtu anasema FOB kama salamu, hata asiyejua herufi zake. FOB maana yake unaufikisha mzigo melini, na kutoka hapo gharama na hatari ni za mnunuzi. CIF, bei yako imebeba pia nauli ya meli na bima hadi bandari ya kushushia, na bima hiyo isipungue asilimia 110 ya bei ya mkataba. Lakini kuna kijanja kimejificha humo: ukiuza CIF unalipia safari yote, ila hatari inahamia kwa mnunuzi tangu mzigo unapopanda melini. Ndiyo maana bima unayoikata wewe inamlinda yeye. Maneno haya yanatungwa na Chama cha Kimataifa cha Biashara kilichoko Paris, na toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2020. Kwenye mkataba andika na mwaka.

Na kwa nini Sohar? Mimi niliandika Muscat, kwa kuwa mteja yuko Muscat. Mzee akanisahihisha. Bandari ya zamani ya Muscat pale Mutrah, ya Sultan Qaboos, iliacha kupokea shehena za kibiashara mwaka 2014; kazi hiyo ikahamishiwa Sohar, kilomita kama 200 kaskazini magharibi. "Mutrah sasa zinakuja meli za watalii," alisema, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba hakuipenda habari hiyo. Ningeacha Muscat, karatasi zangu zingetaja bandari ya kushushia ambayo haishushi kitu.

Nikaifuta ankara ya kwanza, nikaandika mpya. Kilo 1,955 hazigawanyiki vizuri kwa 25, basi nikafunga mifuko 78, kilo 1,950, zikabaki kilo tano kwenye ndoo. Mfuko mtupu na nailoni yake ya ndani ni gramu 150. Mara 78 ni kilo 11.7. Uzito halisi ni wa pilipili peke yake, uzito ghafi unajumuisha mfuko na kila kilichoubeba. Hapa ndipo mazoea ya sokoni yanapotuponza. Sisi tumelelewa na lumbesa, gunia lenye kilemba, na kilo mbili tatu za zaidi ni heshima kwa mnunuzi. Kwenye karatasi za kusafirisha nje, kilo mbili za zaidi ni kosa kama lilivyo pungufu. Tangu Julai 2016 kanuni za usalama wa meli zinataka kila kontena lijulikane uzito wake uliothibitishwa kabla halijapakiwa, kwa hiyo kila anayekushikia mzigo naye anaupima.

Tani mbili hazijazi kontena. Nilikwenda na utaratibu wa kuchangia: kuna mtu kazi yake ni kukusanya mizigo midogo ya watu mbalimbali na kuijaza kontena moja. Yeye alitaka mifuko ikae juu ya godoro za mbao, zile fremu ambazo folklifti inapenyeza vyuma vyake chini. Nikaona hapo pa kuokoa hela. Fundi seremala wa mtaani kwetu akanitengenezea mbili, nzuri, mbao bado zinanukia utomvu.

Ghalani Dar es Salaam alitoka kijana na tochi. Pilipili hakuigusa. Alizunguka godoro la kwanza akimulika ubavuni, akainama, akamulika na upande wa pili, kisha akanyanyuka.

"Dada, muhuri uko wapi?"

"Muhuri gani?"

Akanipeleka kwenye godoro la mwenzangu. Ubaoni palichomwa alama kwa moto: kisanduku, ndani yake suke la ngano na herufi IPPC, pembeni TZ na namba za aliyelitengeneza, na chini herufi HT. HT ndiyo kusema ubao ulitiwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 na kukaa hapo dakika 30, ili wadudu wanaokaa ndani ya mbao wafe wasihamie misitu ya watu. Ni kanuni ya kimataifa, na haijali kwamba mzigo wako ni safi kama lulu. Inauliza mzigo umekalia nini. Zile za fundi wangu zilibaki pale pale, sijui walizifanyia nini. Nikanunua mbili zenye muhuri, kilo 22 kila moja. Uzito ghafi ukawa 2,005.7. Nilicheka peke yangu: kilo 2,000 zangu zimerudi, ila sasa ni mbao na nailoni.

Baada ya hapo ilifuata kufukiza. Mifuko inafunikwa turubai, dawa inawekwa chini yake, gesi inafanya kazi siku tano, kisha mfukizaji anakupa cheti chake. Usiwaite wakaguzi kabla ya hapo, utawalipa mara mbili. Cheti cha usafi wa mazao, ambacho mawakala wote wanakiita faito, kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Alikuja mama mmoja mtaratibu, ana bambo mkononi, kile chuma cha kuchotea sampuli kwenye mfuko. Alilichoma kwenye mfuko wa chini, akamimina punje kwenye sinia jeupe, akazitawanya kwa kidole kama anachagua mchele. Akachoma mwingine, na mwingine, bila mpangilio ninaouelewa. Nadhani ndiyo makusudi yenyewe. Akauliza jina la Kilatini. Nikamwambia *Piper nigrum*, nimelikariri njiani. Akatabasamu, akaandika.

Hilo jina ndilo lililoniokoa baadaye, na ndilo lililofichua kosa.

Tamko la forodha huliingizi mwenyewe kwenye mfumo. Linaingizwa na wakala mwenye leseni ya TRA. Wangu alikuwa kijana mchangamfu, mwepesi wa kujibu, na maelekezo nilimpa kama tunavyopeana siku hizi: ujumbe wa sauti nikiwa ndani ya daladala. "Kaka, ni pilipili zangu, kilo 1,950, mifuko 78, zinakwenda Oman." Naye akaenda kuandika pilipili.

Kwa Kiswahili tumeyaweka mambo mawili kwenye jina moja. Kuna pilipili ya kuwasha, pilipili kichaa na ndugu zake, na kuna pilipili manga. Mimea yenyewe haijuani hata kwa undugu wa mbali. Kwenye orodha ya kimataifa ya bidhaa, ile inayotumiwa na forodha duniani kote tangu 1988, zimeketi mlango mmoja lakini vyumba tofauti: pilipili manga nzima isiyosagwa ni 0904.11, pilipili ya kuwasha iliyokaushwa bila kusagwa ni 0904.21. Kijana wangu aliweka ya pili. Cheti cha mama wa bambo kinasema *Piper nigrum*, tamko linasema pilipili ya kuwasha. Ofisa aliyezikutanisha karatasi hizo mbili alifanya alichopaswa kufanya: akasimamisha.

"Dada, pilipili si pilipili tu?" kijana aliniuliza kwenye simu, na hakuwa na utani.

Nilitaka kumpandishia. Kisha nikausikiliza tena ujumbe wangu wa sauti. Neno manga sikulitamka. Nimezaliwa Muheza, nimekulia kwenye harufu yake. Kwangu mimi pilipili bila neno la pili ni hiyo hiyo. Yeye alikulia Dar, kwake pilipili ni ile inayokaa pembeni ya chipsi. Kila mmoja alisema ukweli wa jikoni kwao.

Kurekebisha tamko kulichukua siku mbili. Lakini kontena la wachangiaji halikungoja. Lilifungwa na kutiwa lakiri bila mimi, na lililofuata lilikuwa siku kumi mbele. Jumla 12. Ghala linahesabu kila siku, na halina huruma za Jumapili. Mzee wa Muscat nilimwambia ukweli wote, pamoja na kituko cha jina. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani pilipili manga imekosa manga!" Kisha akawa makini: "Mwanangu, karatasi zote ziandike wewe. Hao wengine waachie kunakili."

Nimekuja kulifuata neno hilo kuliko ushauri wowote niliolipia. Sasa kabla sijampigia mtu yeyote naandika ukurasa mmoja. Juu yake jina la biashara lilivyosajiliwa, jina la mnunuzi na anwani yake kama alivyonitumia yeye mwenyewe kwa maandishi, jina la bidhaa kwa Kiingereza na kwa Kilatini, namba ya forodha, idadi ya mifuko, uzito halisi, uzito ghafi, alama zilizopigwa kwenye mifuko, bandari ya kupakia, bandari ya kushushia, masharti ya bei na mwaka wake. Uzito naujaza mwisho kabisa, baada ya mzani, kamwe si kutoka kwenye daftari la manunuzi. Wakala, mfukizaji, mkaguzi, TCCIA, mtu wa bima, mkusanya mizigo, wote wanapata ukurasa huo huo. Akinirudishia rasimu yake nailaza pembeni ya ukurasa wangu na kupitisha kidole mstari kwa mstari, kama mwalimu wa madrasa. Watu wananiona msumbufu. Sawa.

Maana fikiria: nani kati yao aliyewahi kuiona pilipili? Mama wa bambo peke yake. Wengine wote, kuanzia karani wa benki mpaka ofisa wa Sohar, wanaona karatasi, na kwao karatasi ndiyo mzigo. Wakikuta kilo 1,950 hapa na 2,000 pale, hawawezi kujua ni jua la Muheza.

Ya mwisho ni hati ya shehena. Kuna hati anayotoa mwenye meli kwa mkusanya mizigo kwa ajili ya kontena zima, na kuna anayokutolea mkusanyaji kwa sehemu yako. Wewe unashika hii ya pili, na umuulize mapema ni nani wake kule atakayekabidhi mzigo. Kwa kawaida hutoka nakala halisi tatu, na moja tu inatosha kuchukulia mzigo, kwa hiyo tatu zote zikae kwako mpaka hela yako iingie. Isome rasimu kabla haijachapwa. Kuibadilisha ikishachapwa ni malipo mengine, na wakati huo meli imeshaondoka.

Tulikubaliana asilimia 30 mbele na 70 akiona nakala za karatasi. Nikampigia picha kila moja, nikamtumia. Kesho yake akapiga.

"Nimeona picha. Na zenyewe lini?"

"Ikiingia ile iliyobaki, mzee, natuma siku hiyo hiyo."

Kimya kidogo. "Mwanangu, huniamini?"

"Nakuamini mzee. Benki ndiyo hainiamini mimi."

Akacheka tena, na siku ya tatu hela ikaingia. Nilizipeleka hati mwenyewe kwa watu wa vifurushi, nikasimama pale kaunta mpaka bahasha ilipogandishwa karatasi yake ya anwani. Bahasha nyepesi, huwezi kuamini inabeba mifuko 78.

Mzigo ulipita Jebel Ali, bandari ya Dubai, kwanza, ndipo ukafika Sohar. Mzee alinitumia video fupi: mfuko umefunguliwa, kiganja chake kimeteka punje, anazinusa. Hakusema kuhusu ubora. Alisema, "Hesabu imetimia, 78," kisha akauliza ya msimu ujao nitamfikishia lita ya gramu 550 au bado.

Zile kilo tano za kwenye ndoo nilizipeleka sokoni Muheza siku ya gulio. Mama mmoja alinusa, akauliza bei, akataka kikopo kimoja. Nikamjazia, akanitazama, nikamwongezea kilemba.